Persis Aliyekataa Kubashiri

Kwa miaka thelathini na miwili Persis Bonareri alikuwa muuguzi, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliitumia katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Kisii. Jamaa za wagonjwa walizoea kumvizia mlangoni. Hawakumuuliza ni dawa gani imetolewa wala daktari atapita saa ngapi. Walimtazama uso tu. Watu waliamini kwamba Sista Persis akimshika mgonjwa mkono kwa muda mrefu, huyo hana siku nyingi, na akimfokea amalize uji wake, huyo atarudi nyumbani. Mwenyewe hakuyapenda maneno hayo, lakini hakuyakanusha pia. Anayetazama wagonjwa wengi huota macho ya pili, na macho yake ya pili mara nyingi yalikuwa yamesema kweli.

Yalisema uongo mara moja, na mara hiyo ilimtosha.

Ilikuwa mwaka wa 1991. Ndugu yake mdogo, Mogire, alikuwa mkulima wa chai kule Ikonge, upande wa Nyamira. Persis alikwenda kumtembelea Jumapili moja akamkuta ameketi nje, kiganja amekikandamiza kifuani. Mogire akasema ni asidi, amekula maharagwe yaliyolala. Persis alimpima mshipa wa mkono, akamgusa tumbo, akamtazama machoni, kisha akamwambia mbele ya mkewe Bitutu na watoto wote, "Utapona. Kesho pumzika, usibebe kikapu." Mogire akapumzika hiyo kesho. Kesho kutwa akabeba kikapu. Alianguka saa sita mchana akiwa kwenye foleni ya kupima majani, akakata roho kabla mtu hajamfungua vifungo vya shati.

Tangu siku hiyo Persis hakumwambia mtu yeyote kwamba atapona wala kwamba hatapona. Walipomvizia mlangoni aliwaambia, "Muulizeni daktari," akapita. Wengine walidhani ameanza kuringa. Alistaafu mwishoni mwa mwaka wa 1996, akarudi kwenye nyumba yake ndogo pale Nyanchwa, karibu na kanisa lake la Waadventista, akifikiri kwamba mambo ya nani ataishi na nani atakufa ameyaacha pamoja na sare yake nyeupe.

*

Januari ya mwaka uliofuata, kitinda mimba wa Mogire alipata nafasi ya kidato cha kwanza, na Persis akateremka mjini kumnunulia kitambaa cha sare. Alikwenda kwa Bhupendra, kwa kuwa kila mtu alikwenda kwa Bhupendra. Marobota ya rangi ya kijivu, ya buluu na ya kijani yalipangwa pale hadi darini, na mwenye duka alijua sare ya kila shule kuanzia Kenyenya hadi Ikonge bila kuangalia karatasi yoyote. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa mjini hapo hapo, miaka hamsini na minane iliyopita, na Ekegusii chake kilikuwa safi mno. Akina nyanya kutoka vijijini walipomsikia akiwaamkia "Bwakire" na kuwauliza habari za ng'ombe wao, walisahau walichokuja kukipunguza bei.

Asubuhi hiyo duka lilikuwa limefurika. Bhupendra alikuwa akikata kitambaa, mkasi mkononi, na ghafla mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Akauweka chini polepole. Akaufuta uso kwa kiganja, na kiganja kikatoka kimelowa.

"Ni asidi tu," alimwambia mkewe, Ramila, aliyekuwa kwenye meza ya pili. "Nipe soda."

Neno hilo lilimfikia Persis kama maji ya baridi mgongoni. Alijipenyeza kati ya wazazi na watoto wao, akazunguka meza bila kuomba ruhusa.

"Mzee, taya linakuuma?"

"Kidogo. Na huu mkono."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nifungue duka." Ilikuwa imefika saa nne na nusu.

Persis alimwambia Ramila aiache soda, akamtuma karani duka la dawa la jirani alete aspirini, akamtafunisha Bhupendra palepale mbele ya wateja. Kisha wakampeleka kwa Daktari Nyangate, ambaye kliniki yake ilikuwa mtaa wa pili na ilikuwa na mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Karatasi ilipotoka, daktari hakuhitaji kuitazama mara mbili. Mshipa mkubwa unaolisha sehemu ya mbele ya moyo ulikuwa umeziba.

"Hapa sina dawa ya kuyeyusha hilo bonge la damu," alisema. "Iko Nairobi. Nendeni sasa hivi."

Mwana wao, Vikram, ndiye aliyeendesha gari, na Persis alikaa nyuma akiwa ameegemeza kichwa cha mgonjwa begani kwake, kitambaa cha sare kikiwa bado hakijalipiwa na hakuna aliyekikumbuka. Walifika hospitalini Nairobi jioni, muda wa saa tisa tangu maumivu yaanze. Dawa ikatundikwa. Bhupendra hakufa. Baada ya wiki mbili alipopata nguvu ya kusafiri, ndugu zao wa Bombay wakampokea, na huko daktari akapitisha waya mwembamba kwenye paja hadi moyoni, akautanua mshipa kwa kijiputo, kisha akaacha ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma kisichozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba, kuuzuia usijifunge tena. Hicho kijibomba ndicho walichokiita stenti. Kisii nzima ilipata habari, na kwa muda watu waliamini kwamba Bhupendra amewekewa moyo wa chuma.

*

Alirudi mwezi wa Machi amekonda, suruali imefungwa kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya. Alirudi pia na barua. Vikram aliisoma mezani sebuleni, juu ya duka, na Ramila akasisitiza Persis aitwe, maana bila yeye kusingekuwa na barua.

Daktari wa Bombay alikuwa mtu wa kueleza. Aliandika kwamba stenti imekaa vizuri na damu inapita. Lakini kuna mambo manne yanayomfanya amhofie mgonjwa huyu kuliko wengine: dawa ilichelewa na ukuta wa mbele wa moyo ukafa kwa sehemu, moyo sasa unasukuma kwa udhaifu, mgonjwa ana kisukari, na mshipa ulioathirika ni mwembamba na palipoziba ni parefu. Katika wagonjwa mia wa namna hii, aliandika, kama thelathini huenda mishipa yao ikajifunga tena mahali palepale ndani ya miezi sita, na kumi au zaidi huenda wasimalize mwaka.

Vikram aliikunja barua. Bhupendra alikuwa akinywa chai isiyo na sukari, uso umemkunjika zaidi kwa chai kuliko kwa barua.

"Na mimi ni wa ngapi katika hao mia?" aliuliza.

Ramila alimwongezea chai.

Persis alipokuwa akiaga, Ramila alimfuata hadi kwenye ngazi. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye kufanya kila kitu haraka, na siku hiyo tu ndiyo Persis alimwona amesimama bila kushika chochote mikononi.

"Sista, Alpa ataolewa Desemba," alisema. Alpa alikuwa binti yao wa pekee. "Vikram anasema tuharakishe arusi, tusingoje. Mimi nasema tukiharakisha, baba yake atajua tunafikiri nini. Wewe umeona wagonjwa wengi. Niambie tu mimi. Sitamwambia mtu."

"Mama Vikram, mimi sibashiri."

"Watu wanasema unajua."

"Watu wanasema mengi," Persis alijibu. Alipoona macho ya mwenzake yamelengwa na machozi akaongeza, "Lakini naweza kuja kumwangalia. Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Kumwangalia naweza."

Hivyo ndivyo Persis alivyorudi kazini baada ya kustaafu. Alimpima Bhupendra uzito na presha, akambonyeza vifundo vya miguu kuona kama kidole kinaacha shimo, akamuuliza amelalia mito mingapi, maana moyo dhaifu humkosesha mtu pumzi akilala chali. Alizihesabu tembe zake. Alipekua kabati la jikoni akazikuta ladu, vile vitamutamu vya Kihindi vya sukari na samli, zimefichwa ndani ya kopo la dengu, akazitoa, na Ramila akaapa kwamba hajui zilifikaje. Ila kipimo alichokiamini kuliko vyote kilikuwa mlima. Kila Jumapili saa moja asubuhi, Bhupendra alifika kwa gari hadi chini ya mlima wa Nyanchwa, na kutoka hapo wawili hao walipanda kwa miguu hadi kwenye lango la kanisa. Hakuna mashine Kisii nzima, Persis alimwambia Daktari Nyangate, inayoweza kuujua moyo kama mlima unavyoujua.

Aprili Bhupendra alipumzika mara tano kabla ya kufika juu. Mei mara tatu. Mwisho wa Juni alipanda akasimama mara moja tu, akafika langoni akicheka, akaigonga nguzo ya lango kwa kiganja kama mtu aliyemshinda mwenzake mbio.

"Waandikie Bombay," alisema. "Waambie mimi ni wa themanini."

Persis alitabasamu tu. Usiku ule wa Jumapili ya Ikonge, miaka sita nyuma, baada ya kumwambia Mogire atapona, yeye pia alikuwa amelala usingizi mzuri.

*

Mwezi wa Agosti alikwenda Ikonge kumsaidia Bitutu kuchuma chai. Wawili hao walikuwa wakipendana kama mawifi wachache wanavyopendana, ila kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwahi kutajwa kati yao. Siku hiyo, labda kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye majani, Persis alilitaja. Walikuwa wakizungumza Ekegusii, kila mmoja kwenye mstari wake, michai ikiwafika kiunoni.

"Bitutu, nilikuambia atapona."

Bitutu aliendelea kuchuma. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akiyarusha kikapuni nyuma ya bega bila kugeuka.

"Ulisema," alijibu mwishowe.

"Nimeomba msamaha kwa Mungu. Kwako sijaomba."

Mikono ya Bitutu ikasimama. "Wifi, ulimtazama kwa muda gani siku ile? Chai ilikuwa bado haijachemka. Yale maumivu alikuwa nayo kwa wiki tatu. Kila alipotoka mtoni na maji alikaa kwenye lile jiwe la njiani akijifanya anafunga kamba za viatu. Mogire, ambaye kutwa nzima alikuwa peku." Aliupandisha mkanda wa kikapu begani. "Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utampeleka Kisumu, na majani yatamkomalia shambani. Nami nikamtii. Mimi ndiye ninayepaswa kuomba msamaha, na sikujua nitaanzia wapi."

Persis aliketi chini kati ya michai, mahali pale pale, bila kujali umande. Kwa miaka sita alikuwa amejiuliza macho yake yalikosea wapi. Kumbe yalionyeshwa nusu ya mtu. Bitutu naye alikuja akaketi kando yake, wakalia kidogo, si sana, maana kilio kikubwa kilikuwa kimekwisha zamani. Kisha Bitutu akamfuta wifi yake majani kwenye nywele, akasema majani hayajichumi.

Lakini neno moja lilimfuata Persis njia nzima ya kurudi Nyanchwa. Kufunga kamba za viatu.

Alianza kukumbuka Jumapili tatu zilizopita. Bhupendra hakuwa amepumzika hata mara moja, hivyo ndivyo alivyoamini. Lakini alikuwa amesimama kumwamkia mama mmoja aliyebeba ndizi, akamuuliza habari za ng'ombe, za mtoto wa kidato cha nne, za paa lililovuja. Alikuwa amesimama kusoma tangazo la mkutano wa kanisa ambalo halikumhusu hata kidogo. Alikuwa amesimama kumwonyesha Persis duka lake lilipo kule chini, ati ajue kutoka juu linaonekanaje, na wiki iliyofuata akamwonyesha tena. Persis alidhani ni ule ukarimu wake wa kawaida. Watu walimpenda, na yeye aliwapenda. Nani angehesabu salamu?

Jumapili iliyofuata alizihesabu. Kabla ya nusu ya mlima zilikuwa zimefika saba.

Kwenye salamu ya nane, mzee mmoja alipokwisha kwenda zake, Persis hakuanza kupanda. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, akapigapiga nyasi kando yake.

"Kaa, Mzee."

"Sijachoka, Sista."

"Najua hujachoka. Kaa."

Akakaa. Alipumua kwa mdomo, na jasho jembamba lilikuwa limetokea juu ya mdomo wa juu ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Kifua kinakubana tangu lini?"

Bhupendra alitazama mji kule chini. "Wiki tatu. Nne. Nikisimama kinaachia."

"Na nyumbani?"

"Ngazi tu. Ngazini najifanya natafuta funguo." Akageuka kumtazama. "Sista, usimwambie Ramila. Desemba si mbali. Nikienda Bombay sasa na nisirudi, Alpa ataolewa bila baba au hataolewa kabisa mwaka huu, watu wataanza kusema ana mkosi. Nataka kufika Desemba tu. Baada ya hapo, basi." Alimshika mkono wa koti. "Nitafika? Wewe unajua. Niambie kweli."

Lilikuwa swali lile lile alilolikwepa kwenye milango ya wodi tangu Mogire afariki. Alikuwa na jibu lake tayari, *muulize daktari*, na daktari alikuwa mbali kidogo tu chini ya mlima. Lakini mtu aliyeketi kando yake alikuwa amemwambia ukweli wake wote, jambo ambalo Mogire hakulifanya. Aliona haya kumlipa kwa kukwepa.

"Siku zako sizijui," alisema taratibu. "Hilo silijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Ninachojua ni hiki. Juni ulisimama mara moja. Leo umesimama mara nane, na hatujafika nusu. Mshipa unajifunga. Daktari alisema thelathini kati ya mia, na mimi naona wewe umeingia katika hao thelathini. Ukibaki hivi, sioni Desemba. Naweza kukosea, nimeshakosea, tena kwa ndugu yangu. Lakini ukiniuliza macho yangu yanaona nini, hayaoni Desemba. Ukienda sasa, kuna njia."

Mama mmoja aliyekuwa akishuka na mtungi akamwamkia Bhupendra, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Persis alimwona akijibu salamu kwa kichwa tu.

"Umenitisha, Sista."

"Na mimi nimejitisha," alisema Persis, na ilikuwa kweli. Aliinuka, akamnyoshea mkono. "Sitamwambia Mama Vikram. Utamwambia wewe, leo, wakati wa chakula cha mchana. Jioni nitakuja kumuuliza."

*

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bhupendra hakuficha tena. Jioni Persis alipofika alikuta sanduku la safari limefunguliwa kitandani na Vikram amesimama dirishani, uso umemvimba kwa hasira.

"Ulikuwa unamwangalia mara tatu kwa wiki," alimwambia Persis. "Mwezi mzima. Uliangalia nini?"

Persis hakujitetea. Alikuwa amejiuliza swali hilo hilo tangu Ikonge. Ramila ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mashati aliyokuwa akiyakunja.

"Mimi nalala naye kitanda kimoja miaka thelathini na moja," alisema. "Na mimi nilidhani anatafuta funguo. Mletee baba yako viatu."

Waliondoka siku ya pili. Barua iliyotoka Bombay baadaye ilisema mshipa ulikuwa umejifunga ndani ya stenti hadi ukabaki tundu la kupita uzi. Waliutanua tena kwa kijiputo. Daktari hakuandika hesabu yoyote ya mia mara hii. Aliandika tu kwamba mgonjwa alifika kwa wakati, na kwamba kuanzia hapo asipande milima, atembee tambarare.

Arusi ya Alpa ilifanyika Desemba kama ilivyopangwa. Ulikuwa mwaka wa ile mvua kubwa ambayo haikutaka kukoma. Barabara ya Kisumu ilikatika, nusu ya wageni wakafika siku ya pili, na maua yaliyoagizwa Nairobi yakafika yamechakaa kabisa, hivyo akina mama wa Kisii waliouziwa vitambaa na Bhupendra maisha yao yote wakaleta maua ya uani kwao, vikapu kwa vikapu. Bhupendra aliketi kwenye kiti chenye mto muda wote wa sherehe, na ilipofika saa ya baba kuuweka mkono wa binti katika mkono wa bwana arusi, alisimama mwenyewe. Persis alikuwa safu ya pili, amevaa sari aliyopewa na Ramila, iliyofungwa na mikono ya akina mama watatu na bado akihofia itamdondoka. Alimtazama Bhupendra kifundo cha mguu kwanza, kwa mazoea, kisha ndipo uso.

*

Bhupendra aliishi mwaka mzima mwingine, na miezi saba juu yake. Haikuwa miaka ya bure. Asubuhi alikaa kwenye kiti mbele ya duka, na kukata kitambaa alimwachia Vikram, yeye akabaki na kazi ya kuamkia watu. Januari zote mbili aliwaambia wazazi sare za shule zao kabla hawajafungua mdomo. Alimpakata mtoto wa Alpa. Moyo ulikuwa umechoka, na dawa za kupunguza maji ziliongezwa, kisha zikaongezwa tena. Mara moja moja alimuuliza Persis, na Persis alimjibu kila mara, kwa maneno machache, alichokiona na asichokijua. Juni ya mwaka wa 1999 alimwambia, "Sasa uvimbe wa miguu haushuki, Mzee. Ukiwa na la kusema kwa watoto, nadhani ni vyema kulisema." Alilisema. Alifariki mwezi wa Julai, saa nane mchana, kwenye kiti chake, Ramila akiwa ameingia ndani kumletea maji.

Walimchomea Kisumu, kwa desturi yao. Persis alisafiri katika gari la familia, naye Bitutu, ambaye alikuwa amemwona marehemu mara mbili tu maishani, alikuja toka Ikonge na mkungu wa ndizi akaketi na wafiwa siku mbili.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Persis alipanda ngazi za juu ya duka. Hakuwa na mgonjwa tena mle ndani. Miguu tu ndiyo iliyomleta, kwa kuzoea siku. Alimkuta Ramila peke yake mezani, mbele ya vikombe viwili vya chai vilivyokwisha kumiminwa.

"Nilijua utakuja," Ramila alisema.

Wakanywa. Chini, Vikram alikuwa akibishana na mteja kwa Ekegusii kibovu, na mteja akimrekebisha.

"Vikram ananiuliza ingekuwaje kama tungempeleka mapema, mwaka ule wa kwanza. Kama saa zile tisa zingekuwa tatu."

"Ingesaidia," Persis alisema. "Sitakudanganya."

Ramila aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kizito akaona anaweza kukibeba. Kisha akasogeza vikombe pembeni, akauvuta mkono wa blauzi juu hadi kwenye kiwiko, akauweka mkono wake mwembamba juu ya meza.

"Kile kipimo cha presha unacho kwenye mkoba?"

"Ninacho."

"Miaka miwili na zaidi unapima katika nyumba hii," Ramila alisema, "na mimi hakuna aliyewahi kunipima. Kichwa kinaniuma asubuhi tangu Januari. Na kabla hujaniuliza, si asidi, na sijalala vizuri, na ndiyo, nimekula ladu."

Persis alifungua mkoba, akaufunga ule mkanda mkononi mwake, akaanza kupuliza. Aliutazama mshale ukishuka, akasikiliza, akautazama tena.

"Niambie," Ramila alisema.

"Iko juu," Persis alisema. "Juu sana. Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa Daktari Nyangate. Sasa nieleze hicho kichwa, tangu mwanzo, na usiache kitu."